Javan Wanjala Kweyu, Mzee wa Viporo (1965–2025)

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wafanyakazi wa kiwanda cha Povusafi, majirani wa Buruburu na nyinyi mliotoka Huruma na Pipeline, jamaa na marafiki, nawasalimu nyote asubuhi hii ya Jumanne, tarehe 23 Desemba 2025. Mimi ni Vivian Khalayi, kitinda mimba wa Mzee Nahashon Kweyu, na familia imenipa karatasi hii niisome kwa sababu, walivyosema, mimi ndiye mwenye sauti. Kaka yangu angewasahihisha kwamba si sauti, ni mdomo. Nitasoma polepole, na nikisimama katikati mnivumilie, nitaendelea.

Mtakuwa mmemtafuta mama yetu kwa macho, Mama Rasoa Nekesa, mkamkosa. Ana umri wa miaka themanini na miwili na magoti yanamsumbua, lakini si magoti yaliyomzuia, alituambia kwa simu kwamba yeye amemngoja Javan nyumbani Misikhu kila Krismasi kwa miaka thelathini na mmoja, na hawezi kuanza sasa kumfuata Nairobi. Kwa hiyo yuko huko, anangoja, na haya ninayoyasoma hapa ni historia ya mtu aliyengojwa.

Marehemu Javan Wanjala Kweyu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 12 Mei 1965, karibu na Misikhu, Bungoma, akiwa kifungua mimba katika watoto sita. Kwetu Wabukusu mtoto hupewa jina la msimu uliompokea, Wafula ni wa mvua, Nekesa ni wa mavuno, na Wanjala ni wa njaa, maana mwezi wa Mei mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani na haya mapya bado ni majani matupu shambani, na hivyo ndivyo mama mwenye jina la mavuno alivyomzaa mwana mwenye jina la njaa, jambo ambalo wawili hao walitaniana nalo mpaka mwezi huu. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alizaliwa akiangalia ghala, akaliona tupu, akaapa kwamba halitakuwa tupu tena.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia 1972 hadi 1978, na mwaka 1979 baba yetu, aliyekuwa fundi wa reli, akamleta Nairobi, wakaishi katika nyumba za reli kule Makongeni, akasoma shule ya upili ya kutwa hapa hapa Eastlands na kumaliza kidato cha nne mwaka 1982. Mwezi wa Agosti 1980 alirudishwa nyumbani kutahiriwa pamoja na rika lake, akavumilia kama mwanamume, na nawaomba mwaka huo muuweke akilini, 1980, ni mwaka wa shufwa, kwa sababu utarudi tena katika habari hizi. Baada ya shule alifanya vibarua vya kila aina, kisha mwaka 1987 akapata cheti cha utunzaji wa stoo, cheti ambacho baba alikitundika ukutani juu ya picha ya harusi yake mwenyewe, na mama hakulalamika.

Tarehe 7 Machi 1988 aliajiriwa na kampuni ya Povusafi, Industrial Area, kama mpakizi wa malori, akifanya kazi kwa bega na mgongo kwa miaka sita, na Krismasi zote za miaka hiyo alikula nyumbani, alikuja na mkate, na sukari, na mimi alinibebea viatu vya plastiki ambavyo nililala navyo miguuni. Tarehe 1 Septemba 1994 alipandishwa cheo akawa karani wa oda zinazongoja, sote tukamshangilia, mama akapiga vigelegele vilivyosikika ng'ambo ya mto, na hatukujua tunashangilia nini.

Naomba niwaeleze kazi hiyo, kwa sababu wengi wetu katika familia tuliilaani bila kuielewa. Povusafi hutengeneza sabuni za mche, mafuta ya kupika na rangi ya viatu, na mashine zao hutoa mali kiasi kile kile kila siku, mashine haijui Krismasi, lakini wanunuzi wana misimu yao, Desemba kila nyumba inataka mafuta ya chapati, Januari kila mzazi anataka sabuni ya kufulia sare na rangi ya viatu vya shule, na Februari hakuna anayetaka chochote kwa sababu hakuna aliyebaki na chochote. Kwa hiyo kuanzia katikati ya mwaka hadi Oktoba stoo hujazwa mpaka dari, mali ikisubiri msimu, na hata hivyo ikifika katikati ya Novemba, oda zinazoingia siku moja zinashinda mali inayotoka kwa siku nne, na zile zisizotoshelezwa zinalala, na kesho yake zinalala tena. Karani mzee aliyemfundisha kazi, mtu wa Mombasa, aliziita viporo, kama wali uliobaki jana, na jina hilo likashika, na mwanafunzi wake akaja kuitwa na kila mpakizi Mzee wa Viporo, hata kabla hajaota mvi.

Kuna watu wanaodhani kazi ya stoo ni kukaa na funguo. Wahenga walisema akiba haiozi, na Javan alikuwa akijibu kwamba hao wahenga hawakuwahi kuweka mafuta ya kupika stoo, maana ukiweka machache Desemba inakuumbua, na ukiweka mengi yanachacha mikononi mwako Aprili, na kati ya hofu hizo mbili ndipo alipoishi. Katoni iliyotangulia kuingia ndiyo iliyotangulia kutoka, hilo halikuwa na mjadala, na oda iliyotangulia kufika ndiyo iliyotangulia kuhudumiwa, naye aliziandika zote katika kitabu chenye jalada gumu, kwa tarehe na kwa saa, kitabu kipya kila msimu, hata baada ya kompyuta kuletwa. Akaongeza na jambo lake mwenyewe, kwamba supamaketi iliyoagiza katoni mia tano ipelekewe nusu nusu kila zamu yake ikifika, lakini duka la mtaani lililoagiza katoni tano lipewe zote tano kwa mara moja, kwa sababu tano hizo ndizo Krismasi yake nzima.

Na kila Alhamisi alasiri, msimu wote, alikuwa akimpigia simu kila mtu ambaye oda yake inangoja, mmoja baada ya mwingine, si kumpa ahadi, bali kumwambia maneno matatu tu, "Uko kwenye kitabu." Bi Saado wa Huruma, ambaye ninamwona pale nyuma, aliniambia Jumapili kwamba katika miaka kumi na tisa ya kununua kwake hajawahi hata mara moja kuletewa mali mapema, lakini hajawahi kusahauliwa, na kwamba wafanyabiashara wenzake huko walikuwa wakisalimiana Desemba kwa kuulizana kama Mzee amepiga.

Mwaka 2006 akawa msimamizi wa stoo yote. Mwaka 2012 kampuni ikaleta kompyuta ya kukisia oda za mbele, na kompyuta hiyo ikaangalia Agosti ya 2011, ikaona Bungoma walinunua kidogo, ikashauri wapelekewe kidogo tena, na katika mkutano wa mameneja kaka yangu akanyanyua mkono akasema kwamba 2012 ni mwaka wa shufwa, na mwaka wa shufwa mwezi wa Agosti Wabukusu wanatahiri, na panapotahiriwa vijana watu wanapikiwa siku nne, mafuta yanakwisha na sabuni inakwisha. Walicheka, wakamwambia kompyuta haina kabila. Agosti ilipofika maduka ya Bungoma na Webuye yalibaki na rafu tupu, malori yakakimbizwa kutoka Nairobi mchana kutwa, na meneja yule yule aliyecheka akamwomba Javan akae na vijana wa kompyuta awafundishe kuhesabu miaka, na mpaka leo ndani ya mashine hiyo kuna safu inayoitwa Mwaka wa Javan. Sitawaficha kwamba safu hiyo ilimponza pia, mwaka 2020 alijaza mafuta kwa kutegemea shufwa, korona ikaja, mikusanyiko ikakatazwa, mafuta yakabaki yakimtazama, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika barua kusema kosa ni lake, ingawa sabuni aliyoiweka kwa ajili ya sherehe zile iliondoka yote kabla ya Julai, watu wakinawa mikono.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Krismasi ya 1994 Javan hakuja nyumbani, viporo vilikuwa vingi, akatuma salamu. Siku hiyo nyumbani kulichinjwa majogoo wawili, na mama akamtenga wa tatu, akamfunga kamba mguuni chini ya ghala, akasema huyu ni wa Javan, msimguse. Januari ikaja na msimu wa shule, viporo vingine, hakuja. Alikuja Februari, tarehe 11, na jogoo akachinjwa, na mama akapika na kupakua kana kwamba ndiyo siku yenyewe, akamwimbisha wimbo wa Krismasi kabla ya kula. Tulicheka mwaka huo. Ilipotokea mwaka wa pili tulicheka kidogo, na mwaka wa tatu ikawa desturi ya nyumba, kila Krismasi jogoo mmoja anabaki hai chini ya ghala, na watoto wa kijiji walimjua, walimwita Kiporo, na jirani akitaka kuazima jogoo wa mbegu anaambiwa chukua yeyote ila Kiporo.

Kila mwaka, tarehe ishirini na tano, baada ya ibada, mama alikuwa akiomba simu, na zamani alipanda hadi kituo cha biashara kuipiga, akimuuliza mwanawe swali moja tu, atakuja lini, na mwanawe akimjibu kama alivyowajibu wateja wake, "Uko kwenye kitabu, Mama." Na mama alikuwa na jibu lake ambalo halikubadilika, "Niko ukurasa wa ngapi?" Javan alicheka, na mama alicheka, kisha anarudisha simu na kwenda kukaa nje peke yake kwa muda, na sisi tulijifunza kutomfuata.

Wapakizi nao walikuwa wakimuuliza, wao wenyewe wakiwa wameshapanga vifurushi, "Mzee, si uende ocha, huko kwenu, kama watu wengine?", naye anawajibu kwamba mwenye kushika foleni haruhusiwi kuruka foleni. Aliamini hivyo kabisa. Aliona kwamba akiondoka tarehe ishirini, mtu mwenye gari kubwa na sauti kubwa ataingia stoo na kuchukua katoni tano za Bi Saado, na hilo, nawaambia wenzake wa kazini bila kuwaonea haya, halikuwa wasiwasi wa bure.

Tarehe 17 Februari 1996, mnaona ni mwezi gani, alifunga ndoa kanisani na Truphena Odera wa Busia, shemeji yetu mpole ambaye amekaa hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nahashon Kweyu aliyezaliwa tarehe 10 Novemba 1996 na Jacklyne Nekesa aliyezaliwa tarehe 14 Novemba 2000, na hesabu ya kwa nini wote wawili ni wa Novemba mtajifanyia wenyewe. Nahashon alipozaliwa baba yake alifika hospitalini akiwa na penseli nyuma ya sikio na vumbi la sabuni kichwani, akambeba mtoto, akampigia chafya, akarudi kazini. Waliishi kwanza Huruma, chumba kimoja ambacho mimi pia nililala nyuma ya pazia nikisoma sekondari, na tangu 1998 wameishi Buruburu, ile nyumba ya nyuma yenye mlango wa kijani, ambapo kila mgeni aliyeingia alipewa chai na mche wa sabuni uliopinda mashineni.

Kila Desemba shemeji Truphena alipeleka watoto Misikhu, akawa mke anayeshuka basi peke yake na mizigo yote, akiulizwa na kila mtu mwenyewe yuko wapi, na sijawahi kumsikia akimsema vibaya. Nilimsema mimi.

Mwaka 2013 nilikuwa nimefungua duka langu Pipeline, na tarehe 9 Desemba niliagiza katoni ishirini za mafuta, nikiwa na hakika kwamba ndugu wa Mzee wa Viporo hawezi kungoja. Nilingoja. Tarehe 18 nikaenda mpaka kwenye geti la kiwanda, akatoka, akanipa mkono, akaniambia, "Vivi, uko kwenye kitabu, ukurasa wa nane," na mimi nikamwambia mbele ya walinzi kwamba anapenda sabuni kuliko damu yake, na kwamba mama atakufa akimngoja. Mafuta yangu yalikuja tarehe 2 Januari, katoni zote ishirini, zamu yangu ilipofika, na sikumpigia kumshukuru. Februari alipokwenda nyumbani nami nikaenda, si kwa mapenzi, mama aliniita, na alipopakua yule jogoo akatuwekea sahani moja sisi wawili, akakaa kando yetu mpaka tukaila. Nilikula nikiwa nimenuna, na yeye alinisogezea paja. Ngojangoja huumiza matumbo, ndivyo nilivyomwambia siku hiyo, na akasema anajua, akainamisha kichwa. Mimi nilifikiri anakubali kosa. Leo nadhani alikuwa akiniambia kwamba hata yeye kungoja huko kulimuuma.

Mwezi wa Mei mwaka huu alitimiza miaka sitini, na barua yake ilisema atastaafu tarehe 31 Mei. Mama alipoambiwa alihesabu miezi kwa vidole, akasema basi Krismasi hii. Kampuni ikamwandikia ikimwomba abaki mpaka mwisho wa Desemba, msimu upite, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, kaka yangu akawakatia tarehe, akawaambia atakaa mpaka Ijumaa ya tarehe 12 Desemba, amfundishe msaidizi wake, Bwana Wandera, kushika kitabu, na baada ya hapo haongezi hata siku. Mwezi wa Oktoba akakata tiketi ya basi ya tarehe 19, akaipiga picha ile tiketi akaituma nyumbani, na mama akawa anaonyesha simu kwa kila anayepita njiani, akasema huyo Kiporo aliye chini ya ghala mwaka huu ana bahati mbaya, hataiona Februari.

Alikuwa na shinikizo la damu tangu 2017, na alimeza dawa zake vizuri, isipokuwa Desemba. Jumatatu, tarehe 8 mwezi huu, saa nne asubuhi, alishikwa na kichwa akiwa mezani pake, mkono wa kulia ukakataa kushika penseli, Bwana Wandera akamkimbiza hospitalini, na madaktari wakasema ni kiharusi. Sauti ilikwenda. Alituelewa, alitutazama, lakini hakuweza kusema neno. Siku ya Alhamisi alasiri, saa yake ile ya kupiga simu, alianza kuhangaika kitandani, akitazama mlango, na hakuna aliyejua anataka nini mpaka Bwana Wandera alipofika na kitabu, akakaa kando yake, akamsomea oda zilizobaki, jina baada ya jina, na kwa kila jina lililofikiwa zamu yake Javan aliinua kidole cha mkono wa kushoto, na Wandera akaweka alama. Walifanya hivyo karibu saa moja, na mimi nilikuwa hapo. Walipofika jina la mwisho Wandera alifunga kitabu, lakini kidole hakikushuka. Wandera akarudia jina la mwisho, kidole kikabaki juu. Akafungua kurasa akirudi nyuma, moja moja, kidole bado kiko juu, mpaka alipofika ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, akasoma kimya, akanitazama, akanipa kitabu nisome mimi.

Imeandikwa kwa mwandiko wake, "Mama Rasoa, Misikhu. Krismasi, moja." Hapo ndipo kidole kiliposhuka.

Siku iliyofuata tuliomba ofisini tuone vitabu vya zamani, viko thelathini na kimoja, na hiki ni cha thelathini na mbili, na katika kila kimoja, tangu 1994, mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza ni huo huo. Hakuna supamaketi iliyomtangulia. Kila mwaka alimwandika wa kwanza, na kila mwaka akahudumia wote waliomfuata. Mimi niliyekuwa ukurasa wa nane nikapiga kelele getini, leo nakiri kwamba mama aliuliza miaka yote yuko ukurasa wa ngapi, na jibu lilikuwepo, na kaka yangu aliona haya kulitaja kwa sababu mtu hajigambi kwamba amemwandika mwenzake wa kwanza kama hajampa. Kama angelitaja tu. Mara moja tu.

Marehemu alitutoka siku ya Jumapili, tarehe 14 Desemba 2025, saa kumi jioni, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake, siku tano kabla ya basi lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea na kumpigania kwa siku sita, na hasa muuguzi aliyeruhusu kitabu cha stoo kiingie wodini. Tunawashukuru majirani wa Buruburu ambao tangu siku hiyo hawajaacha jiko la shemeji lizimike, kina mama wa kanisa, na Bi Saado na wenye maduka wa Huruma waliokuja kwa miguu siku ya kupanga mazishi, wakikaa kwa foleni bila kuambiwa. Tunaishukuru kampuni ya Povusafi kwa gari na kwa jeneza, na ingawa ninayo machungu nayo, nitakuwa mwongo nikisema sivyo, nawashukuru wapakizi na Bwana Wandera kwa jambo moja lililo kubwa kuliko yote, kwamba viporo sitini na vinne vilivyobaki kwenye kitabu wamevipeleka vyote kufikia Jumamosi iliyopita, kwa zamu, vidogo kwa vikubwa, bila kumruka mtu. Wamebakiza mmoja.

Ratiba ni hii, kesho Jumatano alfajiri tutaondoka hapa Buruburu, tutafika Misikhu jioni, mkesha wa Krismasi, marehemu atakaa nyumbani Alhamisi na Ijumaa, na mazishi ni Jumamosi, tarehe 27.

Jana mama alinipigia simu, akaniuliza tutafika saa ngapi, nikamwambia kabla ya jua kuzama Mungu akipenda. Kisha nikamsomea ule mstari, kwa sababu sikuweza tena kumficha, nikamwambia, Mama, ulikuwa ukurasa wa kwanza. Hakulia. Aliniambia nisimcheleweshe njiani, kwamba ameshamtandikia sebuleni, na kwamba jogoo atachinjwa Alhamisi na wengine wote, mchana, watu wote wakiwepo, maana mwenyewe atakuwa nyumbani.

"Mwaka huu," akasema, "siweki kiporo."

Twende basi, kaka, zamu yako imefika. Pumzika kwenu, Javan, kwa amani.